Barua ya wazi: Kuanzia Juni hadi Oktoba, mtu asikanyage Whale Island

Kwenu wakuu mnaosimamia hifadhi za bahari za pwani ya Kenya, nanyi mnaoketi kwenye kamati za utalii na mazingira,

Nawasalimu. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege Watamu na viunga vyake. Alfajiri huwa niko kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke nikimtafuta yule kijibundi wa Sokoke asiyezidi shubiri moja, na jioni niko kwenye matope ya Mida nikihesabu vitwitwi. Huko kote leo sina neno. Ninaloleta kwenu ni jambo dogo, maana kisiwa chenyewe unakizunguka kwa boti kabla birika la kahawa halijapoa. Naomba kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Oktoba, kila mwaka, mtu yeyote asishuke Whale Island. Mgeni asishuke, nahodha asishuke, na mimi nisishuke.

Nianze na wale kati yenu wanaokijua kisiwa kwenye ramani tu. Maji ya hori ya Mida yanaingia na kutoka kwa mlango mmoja, na hapo mlangoni, upande wa bahari, limesimama jabali. Ukitarajia mchanga na minazi kama ya kwenye picha za hoteli, utavunjika moyo. Ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai wakati bahari iko juu kuliko leo, miaka ipatayo 125,000 iliyopita, yakabaki nje maji yaliposhuka. Yana ncha za kukata ndala. Mawimbi yameyala upande wa chini, kwa hiyo kingo za kisiwa zinaning'inia juu ya maji kama mapaa ya makuti yanavyopita ukuta, na juu yake yameota majani mafupi yanayovumilia chumvi. Kwa mbali kinafanana na mgongo wa nyangumi, ndipo ramani zikakipa jina hilo.

Upepo wa kusi unapopamba moto, wavuvi wakawa wanatoka kwa kubahatisha na madau mengine yamevutwa juu, ndipo membe wanapofika. Sisi tunawaita membe wote, ingawa vitabuni ni buabua, na kisiwani wanataga wa aina mbili. Wa kwanza ni mweupe, ana kofia nyeusi na mkia mrefu wenye nyuzi mbili zinazopepea. Kifuani ana waridi hafifu ambayo huioni mpaka jua la asubuhi limpige kwa ubavu, na msimu wa kuzaa mdomo wake unageuka kutoka mweusi kuwa mwekundu. Hawa wanataga peupe, juu ya jiwe tupu, wamebanana kama watu kwenye matatu ya Malindi. Wa pili ana mgongo wa kahawia iliyokolea, paji jeupe, na mstari mweusi unaopita jichoni kama hatamu ya punda. Huyu ana haya. Anataga yai moja tu, na analificha chini ya ukingo wa jiwe au ndani ya majani, kwa hiyo unaweza kusimama juu yake ukampigia simu mkeo usijue.

Sasa niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: mayai yale nimeyala.

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Mjomba wangu alinichukua kwenye dau kutoka upande wa Uyombo, tukawa na kikapu cha ukindu na kata ya kifuu. Kata ilikuwa ya kupimia. Unaichota maji ya bahari, unalitia yai. Likizama linaingia kikapuni, likielea unalirudisha, maana ndani kinda ameshaanza kuumbika. Hatukulirudisha kila mara pale pale tulipolitoa. Mambo ya watoto, na ya watu wazima wenye haraka maji yakianza kujaa. Nyumbani bibi aliyachemsha kwa chumvi, na kiini chake kilikuwa na rangi ya chungwa kali ambayo yai la kuku wa dukani halina.

Ila mjomba alikuwa na mpaka wake. Upande wa kisiwa unaoelekea bahari kuu hatukuugusa. Akisema, "Hao waache, hao ndio macho yetu." Nilidhani ni ushirikina, hadi nilipokuwa mkubwa nikatoka naye nje ya mwamba kuvua. Jodari wakiwapandisha juu simu, wale samaki wadogo wadogo, maji yanachemka, lakini ukiwa umekaa ndani ya dau huyaoni kutoka mbali. Unachokiona ni membe. Wakiruka juu na kwa mstari, wanasafiri tu, usiwafuate. Wakishuka chini, wakaanza kuzunguka mahali pamoja na kujitupa majini mmoja baada ya mwingine, hapo geuza omo. Nahodha wa zamani walisoma hayo kama ninyi mnavyosoma magazeti. Vijana siku hizi wana GPS, na bado ukiwauliza walikopata jodari wa jana watakuambia, "Palikuwa na ndege."

Kwa hiyo ninapoomba kisiwa kifungwe, msinione kama mtu aliyekwenda semina akarudi na lugha ya mazingira. Natoka katika watu waliokuwa wakivuna kisiwa kile na bado wakajua pa kuachia. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi wanaokanyaga upande wa bahari hawajui kwamba upo mpaka.

Agosti ya mwaka juzi nilikuwa na wageni wawili, mume na mke, wazee, na boti yetu ilikuwa imetulia upande uliokingwa na upepo. Mke alikuwa ameshika darubini kwa mikono miwili, viwiko vimekaza magotini, akiangalia dume likimletea jike samaki mmoja mdomoni. Mara ikaja boti nyingine. Sitaitaja, na mwenyewe ni mtu tunayesalimiana msikitini. Walikuwa watu kumi na mmoja, muziki juu, wakashuka mahali ambapo jabali limemomonyoka na kufanya kama ngazi. Kijana mmoja akatoa droni kwenye begi.

Mtu asiyewajua membe atadhani ndege wakishtuka watapiga kelele. Hawa weupe hufanya kinyume. Kisiwa kizima kilikuwa kinapiga kelele kama soko, halafu sauti ikakatika ghafla, kama mtu aliyezima redio. Wote wakainuka pamoja kimya, wakashuka chini chini juu ya maji wakaelekea nje, kisha wakarudi wakiwa juu na kuanza kulia. Mgeni wangu akashusha darubini akaniuliza kimetokea nini. Nikaangalia saa, ilikuwa saa tano kasorobo. Wale watu waliondoka saa tano na dakika kumi na moja. Dakika ishirini na sita.

Walipoondoka, nilishuka. Ndiyo, mimi ninayewaandikia barua hii nilishuka, nikijiambia kwamba nakwenda kuangalia hasara ili niweze kuisema. Niliona alama ya ndala kwenye kinyesi kilichokauka, katikati ya mayai mawili, yote mazima kwa bahati tu. Hatua nne mbele kulikuwa na yai lililotobolewa kwa juu, limenyonywa, na kunguru wawili wamekaa kwenye ukingo wananitazama bila hofu. Chini ya jani moja nene palikuwa na kinda wa yule mwenye hatamu, manyoya yake ya rangi ya vumbi, mdomo wazi, koo linapiga haraka haraka. Niliinama nikamtilia kivuli kwa kofia yangu. Nikawa najiona mtu mwema. Kisha nikainua kichwa, nikaona anga limejaa membe ambao hawakuweza kutua kwa sababu yangu.

Ndiyo maana nimesema na mimi nisishuke.

Watu wengi wanadhani ndege akilalia yai anakazana kulipasha joto. Usiku ni kweli. Lakini mchana, juu ya jiwe jeusi la pwani yetu, mzazi anafanya kazi tofauti kabisa: anasimama au anachuchumaa juu ya yai ili lisipikwe. Kanyaga jiwe lile bila viatu saa sita za mchana utaelewa. Dakika chache za jua kali zinatosha kuua kilichomo ndani, na ganda halitaonyesha lolote. Mzazi atarudi, atalilalia yai lililokufa siku baada ya siku, na mpita njia ataona ndege ametulia kwenye kiota na kusema mambo ni shwari.

Na hapa ndipo penye hatari yenyewe, nami nawaomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Buabua ni ndege wa umri mrefu. Yule wa waridi anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Anachelewa kuanza kuzaa, na kwa mwaka anataga yai moja au mawili. Maana yake kisiwa kinaweza kuonekana kimejaa, kelele tele, picha nzuri, wageni wanafurahi, miaka kumi mfululizo, huku karibu hakuna kinda hata mmoja aliyefika kuruka. Ni kama kijiji chenye wazee watupu: sokoni kuna watu, msikitini kuna watu, lakini madrasa imefungwa. Siku mtakapogundua idadi imeshuka, itakuwa imeshapita miaka ya kurekebisha. Kwa hiyo afisa akija Septemba, akaona ndege ni wengi, akaandika ripoti kwamba hakuna tatizo, hajasema uongo. Amehesabu wazee.

Kuhusu kunguru sitakaa sana, mnawajua. Walipelekwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula taka, na 1947 wakaonekana Mombasa, na sasa hakuna mahali pwani wasipofika. Wanachofuata ni chakula chetu. Boti ikiwa na mabaki ya samaki wa kuchoma na maganda ya embe, kunguru anaifuata mpaka kisiwani, na akifika na wazazi wako angani kwa sababu ya watu, amekuta meza imeandaliwa.

Panya ni habari nyingine, na afadhali tuizungumze kabla haijatokea. Chumbe, kule Zanzibar, miaka ya 1990 iliwabidi wafanye kazi kubwa ya kuwamaliza panya kisiwa kizima. Cousin, huko Shelisheli, kisiwa kilichonunuliwa 1968 ili kiwe hifadhi ya ndege, mgeni haruhusiwi kushuka na boti aliyokuja nayo. Anahamishiwa kwenye boti ya hifadhi yenyewe, ili panya asije akashuka naye. Mwaka ule ule wa 1968 ndipo hifadhi zetu za bahari za Malindi na Watamu zilipotangazwa, na hilo ni jambo la kujivunia, maana zilikuwa za mwanzo kabisa nchini. Lakini kwetu boti yoyote, iliyolala popote, inaweza kugusa jabali.

Yule mgeni wangu mzee, siku ile jioni, aliniambia habari za kwao. Ni mtu wa Yorkshire, Uingereza, na karibu na kwao pana majabali meupe ya chaki yanaitwa Bempton, yanayopita mita 100 kwenda juu. Karne ya 19 watu walifika huko kwa treni, wakapanda boti kuwapiga ndege risasi chini ya majabali kwa mchezo tu, msimu wa makinda. Wenyeji nao walikuwa wakijiteremsha kwa kamba kuokota mayai. Mwaka 1869 bunge lao likapitisha sheria ya ndege wa bahari, ikafunga msimu kuanzia 1 Aprili hadi 1 Agosti. Na mnajua hoja mojawapo iliyotolewa? Kwamba kelele za ndege wale ziliwajulisha mabaharia, ndani ya ukungu, kwamba wamekaribia mwamba. Nilicheka nikamsimulia ya mjomba. Sheria ile haikugusa mayai, watu wa kamba waliendelea nayo hadi 1954, na leo watu wale wale, nina maana wajukuu wao, wanasimama juu ya jabali nyuma ya uzio na darubini shingoni. Hakuna anayeshuka kati ya ndege. Na hakuna anayedai fedha zake zirudishwe.

Najua mtakaloambiwa na wenye boti, maana nakaa nao. Watasema Julai na Agosti ndio msimu wa wageni, Waitaliano wamejaa, mkifunga kisiwa mmefunga tumbo. Tusidharau neno hilo. Desemba ni mbali, na kusi likiwa kali kuna siku boti haitoki kabisa. Lakini hebu tuulizane kile mgeni anacholipia. Wengi wanaoshuka kisiwani hukaa nusu saa, wanapiga picha, wanaumia miguu, wanarudi. Hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, hakuna mchanga wa kulala. Ukiwaondolea nusu saa hiyo ukawapa nyingine kwenye mchanga wa mlangoni au kwenye matumbawe hai wakiogelea, hawatajua wamepungukiwa. Mgeni wa ndege ndiye hana haja ya kushuka hata kidogo. Anachohitaji ni boti iliyotulia, injini imezimwa au inanong'ona, darubini ya mkononi (ile ya miguu mitatu haifai kwenye boti, kusi linaiyumbisha mpaka unatapika), na mtu wa kumwambia, "Yule, mwenye samaki, mfuate mpaka atue." Nimewaonyesha watu waridi ya kifua kutoka kwenye boti mara nyingi. Inatakiwa asubuhi, jua likiwa nyuma yako, basi.

Na wale wanaoogopa boti wabaki ufukweni. Ukisimama mlangoni na darubini ya miguu mitatu maji yakiwa yanajaa, membe wanapita mbele yako na samaki mdomoni, safari baada ya safari.

Kwa hiyo ombi langu, likiwekwa kwenye karatasi ya ofisi, liko hivi. Msimu ufungwe kwa tarehe, usiachwe kwa hiari ya nahodha. Maboya yawekwe kukizunguka kisiwa, umbali ambao mimi ningependekeza uwe mita hamsini, na ninyi mkiwauliza wataalamu wakasema zaidi, sitabisha. Maboya hayo yawe ya kufungia boti pia, ili mtu asitupe nanga kwenye matumbawe. Droni zisiruke juu ya kisiwa kabisa. Chakula kisitolewe kwenye boti ikiwa upande ule. Wanaolinda wawe watu wa hapa, kutoka BMU, yaani vikundi vya kusimamia fukwe, za wavuvi wa Uyombo na Mida, na walipwe mshahara, sio posho ya siku moja ya kupiga picha na fulana. Mvuvi anayejua kwamba membe ndio macho yake hahitaji kufundishwa kwa nini. Anahitaji boti yenye mafuta, na barua inayompa mamlaka ya kumwambia tajiri wa boti kubwa kwamba rudi.

Watafiti watanikasirikia kidogo. Nao naomba wafungiwe. Wahesabu kutoka kwenye boti, na kama kazi yao haiwezekani bila kushuka, waombe kibali, washuke wawili, mara moja kwa msimu, jua likiwa bado halijapata nguvu, watoke. Na hesabu ya kila mwaka ibandikwe ubao ufukweni, mahali tunapopandia boti: watu wazima wangapi, na makinda wangapi walioruka. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitaka. Ikiandikwa sifuri, iwe sifuri ya wazi ambayo kila nahodha ameisoma akivaa jaketi la kuogelea.

Ubao huo uwe wa Kiswahili kwanza. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini ukitembea fukwe zetu utaona makatazo mengi yameandikwa kwa lugha ambayo anayekatazwa haisomi vizuri. Kisha tunashangaa hakuna anayetii. Chini ya Kiswahili wekeni Kiingereza, na kwa hapa kwetu, kama mna akili ya biashara, Kiitaliano. Kifungu cha 69 cha Katiba hiyo hiyo kinaitaka dola ihimize wananchi washiriki katika kusimamia mazingira. Mimi ni mwananchi, nimeshiriki. Hii hapa barua.

Nimeulizwa na rafiki yangu mmoja kwa nini nahangaika na jiwe moja wakati Mida yenyewe ina ndege maelfu. Swali zuri. Wengi wa ndege wa Mida ni wageni kama wageni wengine. Yule mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene anayekula kaa, ambaye watu wanavuka bahari kuja kumwona hapa, anazaa kwenye mashimo ya mchanga huko Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha anakuja kwetu kula. Akiharibikiwa na uzazi, lawama ni za huko, na tunaweza kuwaandikia wao. Lakini membe wa Whale Island wanazaliwa hapa. Juu ya lile jiwe, mbele ya macho yetu, miezi mitano.

Sitaki mniamini kwa maneno. Juma la kwanza la Juni, siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, nitakuwa na boti Mida na nafasi mbili zisizolipiwa, moja ya mkuu wa hifadhi na moja ya mkuu wa utalii, yeyote atakayekuwa kwenye kiti wakati huo. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mje na kofia na koti la mvua, maana mawimbi ya mlangoni yataturushia maji. Darubini ninazo. Viatu acheni nyumbani, hatutashuka.

Wenu,
Mwongoza watalii wa ndege, Watamu